Hati ya Kufa kwa Kikosi cha Tisini na Saba

Kila Mtanzania aliyekuja Guangzhou kutafuta maisha alikuwa na cha kuonyesha. Huyu alikuwa na kontena njiani, yule alikuwa na duka la simu Kariakoo, na asiye na kitu kabisa walau alikuwa na kitambi. Theophil Mligo, mwana wa Njombe, umri miaka thelathini na minane, alikuwa na Kikosi cha Tisini na Saba cha askari wa miguu wa Polandi, tena alikuwa nacho kuanzia mwaka 1918 hadi 1939 tu. Kabla ya hapo kikosi hakikuwapo. Baada ya hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Ukitaka kucheka, cheka. Wenzake walicheka kwa miaka mitano mfululizo na hakuna aliyedhurika isipokuwa yeye. Alikuja na ufadhili wa masomo ya udaktari akitaka kuandika historia ya reli tuliyojengewa na Wachina, kama wanavyotaka wote. Alipofika idarani akakuta Waafrika kumi na saba tayari wamekalia reli hiyohiyo, kila mmoja na stesheni yake, na hakuna aliyekuwa tayari kusogea. Hapo ndipo fomu yake mwenyewe ilipomponza. Kwenye fomu ya kuomba ufadhili palikuwa na nafasi iliyoandikwa "ujuzi mwingine," na Theophil, ambaye alikuwa mwalimu wa serikali miaka tisa na hajawahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu yoyote, alijaza kwamba ana msingi wa lugha ya Kipolandi. Msingi wenyewe ulikuwa bibi yake, aliyewafulia nguo wakimbizi wa Kipolandi pale Kidugala wakati wa vita ya pili ya dunia, akabakiwa na maneno kumi na moja. Manne kati ya hayo yalikuwa matusi.

Chuo nacho kilikuwa na masanduku kumi na mawili ambayo kila mtu alikuwa anayaruka kama dimbwi. Yaliachwa na mhandisi mmoja Mpolandi aliyefia mjini bila mtoto, na ndani yake mlikuwa na karatasi za baba yake, aliyekuwa karani wa Kikosi cha Tisini na Saba katika mji mdogo uitwao Zawilec. Profesa Ou, msimamizi aliyepewa Theophil, mzee mpole mwenye miwani miwili, aliyatazama masanduku, akaitazama fomu, akatabasamu. Kuanzia siku hiyo Theophil hakuwa tena na reli.

Basi akajifunza Kipolandi, mwaka wa kwanza kwa hasira na wa pili kwa mazoea. Akaanza kusoma karatasi moja moja, na jambo la ajabu likamtokea: akawapenda. Baada ya vita yao ya mwanzo kwisha mwaka 1920, kwa miaka kumi na tisa kikosi kile hakikupigana na mtu. Kilipiga gwaride. Kilihesabu viatu, kikaandika barua kuulizia viatu vilivyopungua, kikajibiwa kwamba barua za viatu ziandikwe kwenye fomu ya viatu, kikaomba fomu, kikaambiwa fomu zimekwisha. Theophil alisoma majibizano hayo, kurasa mia na nne, akajiona yuko kwao. Kila mwezi Juni walikuwa na sikukuu ya kikosi: misa, gwaride, supu ya njegere kavu na nyama ya moshi, halafu mpira na timu ya mji, ambao walifungwa kila mwaka na kila mwaka kanali aliandikia makao makuu kwamba matokeo ni ya kuridhisha. Vijana waliofika kambini hawajui kusoma walifundishwa jioni, na mtihani wao ulikuwa kuandika barua kwa mama. Karani alitunza zile mbovu mbovu. Kuna kijana mmoja, Józef Pająk, alimwandikia mama yake kwamba chakula kipo, viatu vipo, na kimoja kinamtosha.

Wafanyabiashara wa Kitanzania walimwita Daktari, kwa sauti ile ya mtu anayemwita kipofu Macho. Theophil alizoea. Kilichomnyima raha kilikuwa sura ya saba.

Sura ya saba ilipaswa kueleza mwisho wa kikosi. Karatasi za karani ziliishia tarehe 31 Agosti 1939, kwa amri kwamba wapiga tarumbeta warudishe tarumbeta stoo, wapewe machela za kubebea majeruhi. Baada ya hapo kimya. Vita iliingia kesho yake, na kikosi kikaondoka Zawilec kuelekea msituni, na vitabu vyote vilisema kwamba baada ya siku kumi na nane hakikuwapo. Lakini Profesa Ou hakutaka kusikia habari ya vitabu. Alitaka hati. Alieleza kwa upole, mara tisa kwa hesabu ya Theophil, kwamba kikosi ni taasisi, na taasisi huanzishwa kwa hati na huvunjwa kwa hati, na mtafiti asiye na hati ya kuvunjwa hawezi kuandika kwamba imevunjwa. Theophil aliandika Warszawa, London na kwingineko. Wote walimjibu kwa adabu kwamba hawana. Kibali chake cha kukaa Uchina kilikuwa kinaisha Julai, ufadhili nao Julai, na sura ya saba ilikuwa na kichwa cha habari tu. Pasipo hati ile, hakuna udaktari, na miaka mitano imekwenda na maji.

Maji yakiwa yamemfika shingoni hivyo, ndipo Kalista Mgaya alipomgongea mlango.

Kalista naye ni mtu wa Njombe, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mpana, mwenye kutembea maduka ya Guangyuan Xilu kuanzia asubuhi hadi wabeba mizigo wenyewe wanaomba kupumzika. Alikuwa anapeleka nguo za baridi Makambako na Makete miaka kumi na miwili sasa, na alijua kitambaa kwa kukigusa akiwa amefumba macho. Mwezi Februari, kwenye vichochoro vya soko la nguo la Shahe, alikuta makoti mia tatu ya sufu nzito, rangi ya majani makavu, vifungo vya chuma, yanauzwa kama yanatupwa. Mwenye duka alimwambia yalishonwa kwa ajili ya tamthilia ya vita ambayo haikurekodiwa. Kalista akayachukua yote. Kwa furaha yake akayapiga picha pande zote, akazituma moja kwa moja kwenye ofisi ya vibali nyumbani, kuuliza kama yana masharti yoyote. Mtu mwingine angenyamaza. Kalista alikuwa anafuata sheria, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mkosi wake.

Ofisi ikafungua jalada. Nguo zinazofanana na za jeshi haziingii nchini, wakamwandikia. Emmanueli, wakala wa mizigo, kijana wa Moshi aliyekaa Guangzhou mpaka anaota Kichina, aliposikia habari ya jalada alirudisha mikono nyuma kama aliyeshika moto. "Bu xing, sista," alimwambia, haiwezekani. Kalista akapendekeza wang'oe vifungo. Emmanueli akamweleza kwamba jalada lina picha za vifungo, na makoti yakifika bila vifungo wataulizwa vifungo viko wapi. Kama angekaa kimya tangu mwanzo yangepita kama makoti ya walinzi. Sasa yalikuwa jeshi, kwa maandishi, mpaka mtu athibitishe kwamba jeshi hilo halipo.

"Ni jeshi gani?" Kalista aliuliza.

Emmanueli akageuza kola. Begani palishonwa 97, kwa uzi wa fedha, kazi safi.

Uzi ule ulikuwa kazi ya Theophil. Mwaka uliopita watu wa tamthilia walikwenda chuoni kutafuta mfano wa koti la zamani, na yeye, kwa kufurahi kwamba hatimaye kuna mtu anamwuliza kitu, aliwachorea kila mshono. Wao walitaka koti lolote la kijeshi. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba namba lazima iwepo, na iwe ya fedha, na tai wa kwenye kifungo awe na taji. Kwa hiyo Kalista alipomwekea koti mezani na kumweleza yaliyompata, Theophil aliona haya hadi masikio yakamwasha. Papo hapo, chini ya aibu hiyo, akaona pia kwamba hajawahi kuliona kwa macho koti lenyewe limeshonwa. Akalishika shika kwa muda.

"Daktari, usilibusu," Kalista akamwambia. "Niandikie barua kwamba hawa watu walikufa."

Alikubali kwa moyo mkunjufu. Kwa mara ya kwanza elimu yake ilikuwa inahitajika na mtu mwenye mzigo. Akakaa wiki mbili, akaandika historia fupi ya Kikosi cha Tisini na Saba kwa Kiswahili safi, kurasa sitini na moja, na tanbihi mia mbili na tatu, akieleza mambo yote, na viatu vikiwemo. Mwishoni aliandika kwa unyofu kwamba kikosi kinaaminika kilisambaratika katikati ya Septemba 1939, ingawa hati ya kuvunjwa kwake haijapatikana.

Kalista aliituma. Hakuwa ameisoma, kama ambavyo hakuna aliyekuwa amesoma lolote la Theophil mpaka siku hiyo. Bahati mbaya huko ofisini palikuwa na ofisa mmoja msomaji. Alisoma zote sitini na moja, na jibu lake lilikuwa fupi. Ofisi inashukuru kwa maelezo ya kina. Ofisi imebaini kwamba mwandishi mwenyewe anakiri hana uhakika kama jeshi husika limevunjwa. Kwa hiyo mwombaji alete barua kutoka kwa jeshi husika, iliyosainiwa na mkuu wake na kugongwa muhuri, ikithibitisha kwamba halipo.

Theophil alisoma mara tatu. Alitaka kucheka, lakini yalikuwa ni maneno ya Profesa Ou, neno kwa neno, isipokuwa haya yalikuwa kwa Kiswahili. Ofisi mbili, mabara mawili, zote zinawataka wafu waje wenyewe waseme wamekufa.

Kalista hakuona la kushangaza. Kwake ilikuwa karatasi inayotakiwa, na Guangzhou karatasi inayotakiwa hupatikana. "Si una picha ya muhuri wao?" aliuliza. Theophil alikuwa nazo mia nne. Akamwambia muhuri ule si wa kuchezea. Kalista akamwambia kwamba Makete asubuhi kuna barafu kwenye majani, na kuna wazee kule wanalala na nguo zote walizonazo, na makoti mia tatu yako kwenye ghala la Emmanueli yanaota ukungu kwa sababu kuna mtu alitaka namba iwe ya fedha. Hakusema kwa ukali.

Siku ya Jumanne mchana Theophil alikwenda Yide Lu, kule kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi, akampa fundi mihuri picha ya tai mwenye taji. Fundi aliuliza swali moja tu: wino mwekundu au wa bluu. Baada ya nusu saa Kikosi cha Tisini na Saba kilikuwa kimefufuka ndani ya kipande cha mpira. Theophil akarudi chumbani, akaandika kwa Kipolandi, na tafsiri ya Kiswahili chini yake, kwamba mimi, kanali na mkuu wa kikosi, nathibitisha kwamba kikosi kilivunjwa rasmi tarehe 19 Septemba 1939, kwamba hakina askari, hakina silaha, na hakina mpango wa kurudi. Akasaini jina la kanali, ambalo alilijua kuliko sahihi yake mwenyewe. Ilimchukua dakika tano. Kisha akagonga muhuri.

Ofisi iliridhika. Ilipiga muhuri wake juu, IMEPOKELEWA, ikafunga jalada. Hakuna aliyeuliza kanali alisaini vipi.

Makoti yakaenda, na Mei yalipofika yakaisha kwa siku nne, maana baridi ilikuwa imewahi. Kalista alimtumia Theophil picha kwenye simu: mzee wa Makete kanyooka nje ya kanisa, kifungo cha juu kimefungwa, 97 begani. Theophil aliitazama picha ile mara nyingi. Ilimpa furaha halafu ikamnyima usingizi, na hakujua amlalamikie nani.

Hapo mambo yangekwisha, kama Kalista asingekuwa mtu aliyelelewa vizuri. Kwao mtu akikusaidia huishii kusema asante. Unaandika barua, unaipeleka kwa wakubwa wake ili nao wajue wana mtu, na unaweka viambatisho. Alirudi Guangzhou mapema Juni, akakaa na mfasiri wa duka la uchapaji, akaandika kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Profesa Ou, nakala kwa umoja wa Watanzania, nakala kwa paroko wake, kwamba Daktari Mligo ni kijana mwenye akili na moyo, ambaye kwa utafiti wake alipata hati ya mwisho ya kikosi na kuwaokoa wafanyabiashara wanyonge. Akaambatisha hati. Alifanya siri ili iwe zawadi.

Profesa Ou alimwita Theophil akiwa amesimama, na hilo pekee lilitosha kumtisha. Hati ilikuwa mezani, imewekwa kwenye plastiki. Mzee aliuliza, machozi yakimlengalenga, kwa nini alimficha jambo kubwa namna hii. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba anaelewa, mtafiti wa kweli huficha lulu yake mpaka siku ya kutetea tasnifu. Akaonyesha kwa kidole muhuri wa IMEPOKELEWA. Serikali imeitambua, alisema. Siku ya kutetea ikapangwa, tarehe ishirini na nne.

Theophil alifungua mdomo. Aliufungua kweli, nisimsingizie. Kilichotoka ni "asante, mwalimu."

Siku kumi na mbili zilizofuata aliandika sura ya saba. Ilitoka kwa urahisi mno, kurasa thelathini, sura bora kuliko zote, kila kitu kimesimama juu ya hati ile. Mchana alijieleza kwamba hakuna aliyeumizwa, kwamba hao watu walikwisha kweli, na kwamba siku moja mbele au nyuma si kitu. Akashona suti. Habari zikaenea kwa wafanyabiashara kwamba Daktari sasa anakuwa daktari, na watu waliomcheka miaka mitano walianza kumsalimia kwa mikono miwili. Emmanueli alimkopesha tai ya shingoni. Theophil alitembea Xiaobei, mtaa wa Waafrika, siku hizo akiwa amejaa utamu na aibu kwa kiasi kilekile, na asingeweza kukwambia kipi ni kipi.

Jopo lilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa mama mfupi mwenye nywele nyeupe, aliyetoka chuo kingine, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amesoma tasnifu nzima, jambo ambalo Theophil hakuwa amelitarajia wala kujiandaa nalo. Alicheka habari ya viatu. Aliuliza juu ya barua walizoandikiwa akina mama. Alitaka kujua kama Józef Pająk aliwahi kupata kiatu cha pili, na Theophil akamwambia kwamba alipata, mwezi Machi, cha mguu uleule. Jopo likaangua kicheko, hata Profesa Ou. Walikuwa wanawazungumzia kama watu, na Theophil, ambaye kwa miaka mitano alikuwa peke yake nao, alihisi amewaleta wageni nyumbani na wamepokelewa vizuri. Ndipo mwenyekiti akafungua sura ya saba.

"Hati hii," alisema, "ndiyo inayotuambia walikwisha lini. Tueleze ulivyoipata."

Theophil alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Alikuwa ameandaa maelezo mazuri, yenye kabati la zamani na bahati. Alijaribu kuyasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kujaza fomu akaona nafasi ambayo hawezi kuijaza. Kumdanganya ofisa wa vibali aliweza, kwa sababu ofisa yule alitaka karatasi tu. Huyu mama alikuwa ameuliza habari ya kiatu.

"Hati hii niliiandika mimi, Machi mwaka huu," alisema. "Muhuri nilichongesha Yide Lu. Kanali hakuandika, au kama aliandika, mimi sijaona."

Profesa Ou alivua miwani ya kwanza, akavua na ya pili.

"Kwa hiyo kikosi kilikwisha lini?" mwenyekiti aliuliza, polepole.

"Sijui. Hakuna aliyeandika kwamba kimekwisha."

Walimtoa nje saa nzima. Walipomrudisha walimsomea uamuzi: kwa kuwa amekiri mwenyewe, hafukuzwi, kwa kuwa sura ya saba imeanguka, tasnifu haipiti, anapewa mwaka mmoja kwa gharama zake kutafuta hati halisi, na kabla ya Ijumaa aandike tamko kwamba hati ile haikuwa hati, tamko hilo liwe na muhuri. Profesa Ou alimpita kwenye korido, miwani yote miwili mkononi. Theophil alirudisha tai ya Emmanueli siku hiyohiyo.

Kalista alikuja jioni yake, saa kumi na mbili, akiwa amekwisha sikia, kwa sababu Guangzhou habari mbaya hazihitaji nauli. Hakuketi. Alimsema wima, kwa robo saa, kwa Kibena na Kiswahili kwa zamu. Mtu gani anapewa udaktari mkononi akaurudisha. Miaka mitano. Mama yake Theophil amekwisha ambiwa kanisani, mbuzi ametengwa. Yeye Kalista ameandika barua nne za kumsifu, na moja iko kwa paroko. Na kwa faida ya nani, aliuliza, hao watu wamekufa, wangejua nini.

Theophil alimwacha amalize. Kisha akasema, akiangalia masanduku, maana alikuwa ameruhusiwa kukaa nayo matatu chumbani, "Walikuwa na mama zao, dada. Kila mmoja alifundishwa kusoma ili amwandikie mama. Kuna wanawake kule walikaa wakisubiri barua ya kuwaambia. Haikuja. Mimi nimeiandika, kwa ajili ya makoti, kwa dakika tano. Kuituma ofisini niliweza. Kuisoma mbele ya watu nimeshindwa."

Kalista aliketi kitandani. Alipoanza kusema tena, sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza njia.

Baba yake alikwenda Kagera na mgambo, mwanzoni mwa mwaka 1979, yeye akiwa hajafikisha miaka miwili. Wengine walirudi kwa malori, wakapigiwa ngoma. Baba hakurudi, wala jina lake halikusomwa popote. Mama yake alikwenda wilayani mara nyingi kuuliza, akaambiwa jina halipo kwenye orodha ya waliokufa, na halipo kwenye ya waliorudi. Halafu, Kalista akiwa msichana mkubwa, alikuja bwana mmoja na barua yenye muhuri, inaeleza siku na mahali alipofia. Ilikuwa barua nzuri. Mama aliisoma, akamwuliza yule bwana marehemu alikuwa amepungukiwa meno yapi. Bwana hakujua. Mama akampikia, akamsubiri ale, akamrudishia barua yake.

"Na mimi ndiye niliyekuja hapa kukuambia uandike," Kalista alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nafikiria mzigo tu. Sikuunganisha kabisa."

Theophil akawasha jiko, akabandika maji ya chai. Nje wabeba mizigo walikuwa wanagombana na mtu wa teksi, kwa Kichina, kuhusu gunia lisiloingia. Kalista alisikiliza ugomvi ule mpaka ukaisha, akavuta pumzi, akajifunga khanga yake vizuri.

"Kanisani kwetu wajane wana benchi lao, upande wa kushoto," alisema. "Mama ana miaka sabini na sita, hajawahi kulikalia. Yule mwenyekiti wako akikuuliza tena kikosi kinakwisha lini, mwambie kuna mwanamke Njombe bado amekaa na wenye waume."